William James: uanze na kitabu kipi kati ya hivi vinne?

Mtu akiniuliza aanze na kitabu gani cha William James, nami humuuliza: ni jambo gani linalokukosesha usingizi siku hizi? Asiponijibu, sina la kumshauri. James, mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani, aliandika saikolojia, akaandika malezi na ualimu, akaandika dini, akaandika falsafa, na kila kitabu kina watu wanaokiapia kwamba ndicho. Anayeingia kwa mlango usio wake huchoka mapema na kudhani mwandishi ndiye mgumu. Yalinipata mimi. Nilianza na kile kikubwa kwa sababu kila mtu alikisifu, nikakwama sura ya sita, nikakiweka kando kwa muda mrefu. Siku niliyokutana na kile cha walimu ndipo nilipojua kwamba mtu huyu anazungumza nami.

Ninavyovilinganisha hapa ni vinne, na nitavitaja kwa majina ya majalada yake ili uvipate ukivitafuta: The Principles of Psychology (1890), Talks to Teachers (1899), The Varieties of Religious Experience (1902) na Pragmatism (1907). Baada ya hapo nitaviita Saikolojia, Walimu, Dini na Pragmatizimu.

Mtu mwenyewe

Alizaliwa New York tarehe 11 Januari 1842. Babu yake alihamia kutoka Ireland, akatajirika mjini Albany. Baba yake alipoteza mguu utotoni kwa ajali ya moto, akawa mtu wa kusoma na kutafakari mambo ya Mungu, na aliwahamisha watoto wake shule hii hadi ile, Marekani na Ulaya, bila kuridhika na hata moja. Mdogo wake William ndiye Henry James, mwandishi wa riwaya.

Kijana huyu alihangaika. Alijifunza uchoraji huko Newport kwa mchoraji William Morris Hunt, akaacha. Mwaka 1861 akaingia Harvard kusoma kemia, akahamia udaktari. Mwaka 1865 alifuatana na mwanasayansi Louis Agassiz hadi mto Amazon, akashikwa na ndui. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1869 lakini hakufungua kliniki. Wakati huo alikuwa amezama katika sonona. Alisoma vitabu vilivyosema mwanadamu ni mashine, akajiuliza: kama ni hivyo, kujitahidi kuna faida gani? Aprili 1870 aliandika kwenye shajara yake kwamba amemsoma mwanafalsafa Mfaransa Charles Renouvier, na kwamba tendo lake la kwanza la hiari litakuwa kuamini kwamba hiari ipo.

Ishike siku hiyo ya Aprili. Kwa maoni yangu, vitabu vyote vinne ni majibu ya swali lile lile la kijana wa miaka 28, kila kimoja kwa lugha ya chumba kingine.

Mengine ni mepesi kusimulia. Alifundisha Harvard kuanzia miaka ya 1870 hadi 1907, kwanza fiziolojia, kisha saikolojia, kisha falsafa. Alimwoa Alice Gibbens mwaka 1878, wakapata watoto watano, mmoja akafa mchanga. W. E. B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi aliyezikwa Accra, alikuwa mwanafunzi wake. Marekani ilipoivamia Ufilipino, James alipinga hadharani. Alifariki Chocorua, New Hampshire, tarehe 26 Agosti 1910.

Vipimo

Ninavipima vitabu hivi kwa mambo manne. La kwanza ni ukubwa na lugha: kitakuchukua muda gani, na Kiingereza chake kinakutaka uwe na nini. La pili ni swali ambalo kitabu kinalishika. La tatu, James mwenyewe anaonekana kiasi gani, maana wako wasomaji wanaomtaka mtu na wako wanaotaka hoja tu. La nne, kipi kimechakaa, kwa sababu vyote vina zaidi ya miaka mia moja. Bei nimeiacha nje ya vipimo. Hakimiliki zimekwisha, na vyote vinne vinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, unavisoma hata kwenye simu.

Ukubwa na lugha

Saikolojia ni mzigo: juzuu mbili, sura 28, karibu kurasa 1,400. James aliweka mkataba na mchapishaji Henry Holt mwaka 1878 na kukikabidhi miaka 12 baadaye. Alipokikabidhi, barua yake kwa Holt ilikiita tope la maneno lililovimba, lisilothibitisha chochote ila kwamba sayansi ya saikolojia haipo na kwamba mwandishi wake hafai. Lakini usitishike. Dibaji yenyewe inamshauri msomaji mpya aruke sura kadhaa, ikiwamo ile ya sita iliyonikwamisha, na inapendekeza kutoka sura ya 4 moja kwa moja hadi ya 23, 24, 25 na 26, kisha ndipo urudi nyuma. Laiti ningeisoma dibaji. Mwaka 1892 alitoa toleo fupi la kufundishia. Wanafunzi wakakiita kikubwa James, na kidogo Jimmy. Lugha ya vyote viwili ni ya mtu anayeongea, ila kikubwa kina kurasa za mabishano na Wajerumani na Waingereza wa zama zake ambazo leo ni za mtafiti.

Walimu kina kurasa 300 hivi na ndicho chepesi kuliko vyote. Kilianza kama mihadhara kwa walimu wa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1892, na mwandishi aliondoa istilahi kwa makusudi kwa kuwa aliona wasikilizaji wake wanataka mifano. Mwenye Kiingereza cha sekondari atakimaliza.

Dini ni mihadhara 20 aliyotoa Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1901 na 1902. Kurasa zinapita 500, ila sehemu kubwa ni shuhuda za watu wengine zilizonukuliwa kwa urefu. Zinasomeka kama masimulizi, lakini baadhi ni Kiingereza cha karne ya 17, na hapo mwendo unapungua.

Pragmatizimu ni mihadhara minane tu, iliyotolewa Boston mwishoni mwa 1906 na New York mwanzoni mwa 1907. Kinadanganya kwa wembamba wake. Sentensi ni nyepesi, mifano ni ya nyumbani, lakini kila mhadhara unajibu hoja za wanafalsafa waliokuwa wakibishana naye, na asiyewajua atahisi ameingia barazani watu wakiwa katikati ya mzozo. Kisome mara mbili.

Swali linaloshikwa

Hapa ndipo penye uamuzi, nami sitaharakisha.

Saikolojia kinauliza: akili inafanya kazi vipi, ndani ya mwili huu? Sura ya 4, ya mazoea, ndiyo iliyoenea kuliko zote. James anaona mazoea kama njia zilizochimbwa kwenye neva, kama karatasi iliyokwisha kukunjwa inavyokunjika tena pale pale. Anasimulia askari mstaafu aliyekuwa akibeba chakula chake kwenda nyumbani. Mtu mmoja mtundu akapiga kelele ya amri ya kijeshi, mzee akashusha mikono ubavuni, nyama na viazi vikaangukia mtaroni. Kisha anatoa masharti kwa anayetaka kubadilika: anza kwa nguvu zako zote, usiruhusu kuvunja hata mara moja mpaka tabia mpya imeota mizizi, kwa kuwa kila mvunjo ni kama kuangusha donge la uzi ulilokuwa unalizungusha, tumia nafasi ya kwanza inayokuja, na kila siku fanya jambo dogo gumu kwa sababu tu ni gumu. Mlevi husema "hii ya leo haihesabiwi". Pengine yeye haihesabu, anasema James, pengine hata Mbingu yenye huruma haihesabu, lakini chembechembe za neva zinaihesabu.

Sura ya 9 ndiyo inayoieleza fikra kuwa mkondo unaotiririka, wala si mnyororo wa vipande. Sura ya 25 inadai kwamba hatukimbii kwa kuwa tunaogopa, bali tunaogopa kwa kuwa mwili umeshaanza kukimbia. Na kwenye sura ya 26, ya utashi, ipo picha ninayoipenda kuliko zote: mtu kitandani asubuhi ya baridi kali, chumba hakina moto. Anajua kazi zinamngoja, anajilaumu, lakini blanketi ni tamu. Anabishana na nafsi yake saa nzima. Halafu, bila uamuzi wowote mkubwa, anajikuta ameshainuka. James anasema mabishano yalikuwa ndiyo kamba iliyomfunga, na wazo la baridi lilipopotea kidogo, miguu ilishuka.

Walimu kinachukua saikolojia hiyo hiyo na kuuliza: nitaitumiaje kesho asubuhi darasani? Msimamo wake nauunga mkono kabisa. Saikolojia ni sayansi, kufundisha ni sanaa, na sanaa haizaliwi na sayansi moja kwa moja. Katikati lazima awepo mtu mwenye ubunifu. Anamwambia mwalimu aanze na kile ambacho mtoto anakipenda tayari, kisha akifungie kipya pale. Lakini hazina iko nyuma, kwenye insha tatu za wanafunzi. Moja inahusu upofu wetu kwa maisha ya wengine. James alikuwa akisafiri kwenye milima ya North Carolina, akaona mashamba mapya yaliyochimbuliwa msituni: visiki vimeungua, miti mikubwa imechunwa magome ikafa, mahindi yamepandwa ovyo katikati, kibanda kimekandikwa udongo. Akaona uchafu tu. Akamuuliza mwenyeji aliyekuwa akiendesha gari la farasi, ni watu gani wanaofungua mashamba haya? Akajibiwa kwamba ni wao wote, na kwamba hawana furaha bila kuligeuza bonde moja kuwa shamba. Hapo akagundua kwamba alipoona visiki, wao waliona jasho lao na chakula cha watoto. Yeyote aliyelelewa kwenye shamba jipya anaielewa insha hii kabla haijamalizika. Katika dibaji, James anasema angetamani insha hiyo iwe na nguvu zaidi ya ilivyo.

Dini kinauliza: dini inamfanyia nini mtu anapokuwa peke yake na kile anachokiona kuwa cha kimungu? James hafundishi dini yoyote. Anakusanya shuhuda, anazipanga: wenye roho zenye afya, wanaoona wema kila mahali, wenye roho zilizougua, ambao hawawezi kuupuuza uovu, waliogawanyika nafsi, waliopata uongofu, watakatifu, na walioonja yale yasiyosemeka. Yumo Tolstoy, mwandishi wa Urusi, yumo Bunyan, mhubiri wa Uingereza, yumo Mtakatifu Teresa. Na yumo Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu ambaye wasomaji wengi wa pwani hawahitaji kutambulishiwa. James ananukuu kurasa ambazo Ghazali anaeleza jinsi alivyouacha ualimu wa Baghdad, akigundua kwamba kujua maana ya ulevi si sawa na kulewa, wala kujua maana ya afya si sawa na kuwa mzima. Ni kurasa chache, na James anakiri kwamba Wakristo wenzake wanajua kidogo kuhusu Usufi. Hata hivyo kumkuta Ghazali kwenye ukumbi wa Edinburgh, akichukuliwa kama shahidi sawa na wengine, kulinigusa sana.

Pragmatizimu kinauliza: tukibishana, tunajuaje kama tunabishana juu ya kitu? Mhadhara wa pili unaanza na kindi. James alikuwa kambini milimani na wenzake, akarudi kutoka matembezi akakuta ugomvi. Kindi yuko kwenye shina la mti. Mtu anauzunguka mti ili amwone, lakini kindi naye anahama kwa kasi ile ile, mti ukibaki katikati yao daima. Je, mtu amemzunguka kindi? Nusu wanasema ndiyo, nusu hapana. James akawaambia: inategemea mnachomaanisha kwa kuzunguka. Kama ni kuwa kaskazini yake, kisha mashariki, kusini, magharibi, amemzunguka. Kama ni kuwa mbele yake, ubavuni, nyuma, ubavu wa pili, hajamzunguka. Ugomvi umekwisha. Hiyo ndiyo njia yake: uliza kauli hii ikiwa kweli italeta tofauti gani maishani, na kama hakuna tofauti, ugomvi ni wa maneno. Wazo lilikuwa la rafiki yake, mwanafalsafa Charles Peirce, aliyelitoa mwaka 1878. James alilipanua hadi kwenye ukweli wenyewe, akasema wazo huwa kweli kwa kuthibitishwa na matukio. Peirce hakupenda upanuzi huo, akabadilisha jina la falsafa yake ili wasichanganywe.

James anavyoonekana

Dini ndicho chenye James aliye wazi kuliko pengine pote, ingawa amejificha. Katika sehemu ya roho zilizougua upo ushuhuda wa mtu asiyetajwa, anayesemwa kuwa Mfaransa. Jioni moja aliingia chumba cha kuvalia kuchukua kitu, giza likiingia, na ghafla hofu ikamshika. Papo hapo ikamjia sura ya mgonjwa wa kifafa aliyemwona hospitali ya wagonjwa wa akili: kijana mwenye nywele nyeusi na ngozi ya kijanikijani, amekaa siku nzima kwenye ubao ukutani, magoti yamefika kidevuni, shati la kijivu limevutwa kuyafunika. Akawaza: umbo lile ni mimi. Akashikilia maneno ya Biblia asije akarukwa na akili. Baadaye James alikiri kwamba Mfaransa yule ni yeye.

Katika Walimu anaonekana kama mjomba mwenye busara. Katika Saikolojia yumo kwenye mifano tu, na katika Pragmatizimu unausikia mdomo wake kuliko moyo wake.

Kilichochakaa

Nadharia ya hisia ya Saikolojia, ile ya sura ya 25, ilipingwa vikali na mwanafiziolojia Walter Cannon mwaka 1927, na mjadala bado unaendelea kwa sura nyingine. James aliandika pia kwamba kufikia miaka 30 tabia ya mtu imeshakauka kama plasta. Hilo usilibebe. Leo inajulikana kwamba ubongo unaendelea kubadilika utu uzimani. Walimu kina kasoro hiyo hiyo, pamoja na orodha za silika ambazo hazifundishwi tena.

Dini kina pengo ambalo msomaji wa kwetu ataliona haraka kuliko wa Boston. James aliamua tangu mwanzo kuishughulikia dini ya mtu peke yake. Swala ya jamaa msikitini, kwaya, matanga, mfungo wa mtaa mzima, hayo yote yako nje ya kitabu. Kwa watu wengi ninaowajua, hayo ndiyo dini.

Pragmatizimu ndicho kilichoshambuliwa zaidi. Wanafalsafa wa Uingereza Bertrand Russell na G. E. Moore walisema kinachanganya ukweli na manufaa, na James mwenyewe alichochea moto kwa kulinganisha thamani ya wazo na fedha taslimu. Alijibu kwa kitabu kingine mwaka 1909. Nadhani alionewa kwa sehemu, lakini sentensi zake za haraka ziliwapa wapinzani kisu.

Kipi kwa nani

Ukiwa mwalimu, au mzazi unayekaa na mtoto kwenye kazi za shule usiku, chukua Walimu. Usikirudishe kabla ya kusoma zile insha za mwisho.

Ukiwa mwanafunzi wa saikolojia, chukua toleo fupi la 1892 kwa mtihani, na kile kikubwa kwa ajili yako, kwa mpangilio wa dibaji. Anayepambana na pombe, na simu, na kuahirisha mambo, hahitaji zaidi ya sura ya 4 na ya 26. Hizo haziwezi kushika nafasi ya mshauri au daktari, lakini zitakuonyesha mahali pa kushika uzi.

Ukiwa na imani inayotikisika, au huna imani lakini unaishi na waumini unaotaka kuwaelewa, Dini ndicho chako. Aliye katikati ya huzuni nzito aanze na mihadhara ya roho zenye afya, aiache ile ya roho zilizougua mpaka apate mtu wa kuisoma naye.

Ukipenda mabishano, ukawa mwanasheria, mwandishi wa habari, mtu wa siasa, chukua Pragmatizimu, na usome wapinzani wake pia.

Na kama una jioni moja tu, umeme upo na nyumba imetulia, fungua ile insha ya upofu. Haichukui zaidi ya saa moja. Ukifika pale mwenye gari la farasi anapojibu kwamba ni wao wote, utakuwa umeshajua kama unataka kuendelea na mtu huyu.